Barua ya Wazi kwa Mamlaka za Anga na Mashirika ya Ndege: Mzigo wa Mkononi Uamuliwe Kaunta, Usiamuliwe Mlangoni mwa Ndege

Kwenu Wakuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, pamoja na Menejimenti za mashirika yote yanayobeba abiria kwa ndege ndani ya nchi yetu,

YAH: VURUGU YA MIZIGO YA MKONONI NA UFINYU WA MAKABATI YA JUU YA VITI

Salaam kwenu nyote. Ninaandika nikiwa abiria wa kawaida, mkazi wa Mwanza ambaye shughuli zake za biashara humpeleka Dar es Salaam mara kwa mara na, mtaji unaporuhusu, Dubai. Ombi langu ni moja: uamuzi kuhusu mzigo wa mkononi ufanyike kaunta, kwa mizani iliyohakikiwa na kwa kipimo ambacho kila abiria anakijua kabla hajatoka nyumbani, badala ya kuachwa mpaka kwenye ngazi ya ndege, ambako kwa sasa unafanywa kwa pupa, kwa kuangalia sura ya mtu, na wakati mwingine kwa namna inayoleta hatari.

Tuanze na nafasi yenyewe. Sehemu kubwa ya safari za ndani hufanywa na ndege za pangaboi kama ATR 72 na Dash 8-400, zenye viti kati ya 70 na 80, ambazo makabati yake ya juu yanafaa kwa mkoba, koti na kijibegi laini. Begi gumu la magurudumu lenye urefu wa sentimita 55, ambalo kwenye Boeing 787 hulala bila taabu, kwenye pangaboi mara nyingi huzuia hata mlango wa kabati usifunge. Ndege za Airbus A220-300 zinazoruka humu nchini zina viti 132 na makabati yenye nafasi nzuri zaidi, lakini nazo hujaa kabla nusu ya abiria hawajaketi, kwa sababu begi ambalo lingesimamishwa kwa ubavu hulazwa chali, na juu yake hutupwa koti na mfuko wa zawadi. Watengenezaji wenyewe wameliona tatizo hili: makabati mapya ya Boeing 737 yaliyoanza kutumika mwaka 2015 hupokea mabegi 6 yaliyosimamishwa, mahali ambapo yale ya awali yalipokea 4. Ndege tulizonazo, hata hivyo, ndizo tutakazozipanda kwa miaka mingi ijayo, na kabati halitapanuka kwa tangazo la mhudumu.

Abiria hatuna usafi wa kujivunia katika jambo hili, na nisingependa barua hii isomeke kama ya mtu anayetetea kila tabia ya wenzake. Anayekaa kiti cha nyuma kabisa huweka begi lake kwenye kabati la safu ya tatu ili alichukue wakati wa kushuka, na mwenye kiti cha safu ya tatu analazimika kwenda kutafuta nafasi nyuma, kisha ndege ikitua anasubiri watu wote washuke ndipo alifuate begi lake. Yupo anayepanda na begi la mgongoni, begi la magurudumu, shangazi kaja lililofungwa kwa kamba na mfuko wa dukani, akisisitiza kwamba vyote hivyo ni "mzigo mmoja tu". Kutoka Bukoba kuna senene na ndizi, kutoka Mbeya mchele wa Kyela, kutoka Mtwara korosho, na kutoka kwetu Mwanza minofu ya sangara, ambayo ikifungwa vibaya huanza kuyeyuka mara ndege inapokaa angani, na mwenye kuketi chini ya kabati hilo huipata habari hiyo kupitia kilemba chake. Ndugu mjini hawezi kufikiwa mikono mitupu, hilo linaeleweka. Lakini boksi la samaki mahali pake ni chini, kwenye sehemu ya mizigo.

Swali ambalo naona halijaulizwa kwa dhati ni kwa nini mizigo hii inakimbilia juu. Huko Marekani sababu inajulikana: mwaka 2008 American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalokwenda chini, mashirika mengine makubwa mengi yakafuata, na abiria wakaamua kubeba kila kitu mkononi. Kwetu nauli nyingi bado zinajumuisha kilo kadhaa za mzigo wa chini, aghalabu 23, na bado watu wanapanda na mabegi yanayowapinda mabega. Zipo sababu mbili, na zote ziko ndani ya uwezo wenu.

Ya kwanza iko kwenye kaunta. Mtumishi anapima begi linalokwenda chini, gramu kwa gramu, na kilo inayozidi inalipiwa. Lile lililo begani halipimwi. Matokeo yake yanaonekana sakafuni, hatua chache kutoka kwenye mizani: watu wazima wamepiga magoti, mabegi yamefunguliwa mbele ya kadamnasi, viatu vinatolewa, vitenge vinahamishwa, chaja na mabunda ya nguo za watoto yanasukumwa kwenye kijibegi mpaka zipu inalia, na mmoja anavaa makoti mawili katika joto la Dar es Salaam. Baada ya dakika kumi wanarudi kaunta, begi la chini linasoma kilo 23, mtumishi anatabasamu, na zile kilo tisa zilizozidi zinaingia kwenye ndege ileile kwa njia ya mlango wa abiria. Uzito haukupungua hata kidogo. Uliondolewa tu mahali ulipokuwa ukihesabiwa na kupelekwa mahali usipohesabiwa, na mtumishi aliyefanya ukaguzi huo alikuwa akiutazama.

Hesabu hiyo si ya kupuuzwa. Rubani hujua uzito wa abiria kwa makadirio, na makadirio hayo tayari yanajumuisha kijibegi cha mkononi. Kwa kanuni za Ulaya, kwa mfano, mtu mzima katika ndege kubwa hukadiriwa kilo 84 pamoja na mzigo wake wa mkononi. Ikiwa kanuni ya shirika ni kilo 7 na abiria 70 wa pangaboi wamebeba 15 kila mmoja, ndege ina kilo 560 ambazo hazimo katika karatasi yoyote, na baadhi ya viwanja vya mikoani havina njia ndefu ya kurukia. Anayetaka kuona jambo hili likifanywa inavyopasa aende akapande ndege ndogo ya Cessna Caravan ya kwenda Serengeti au Mafia. Humo kikomo huwa aghalabu kilo 15 kwa jumla, begi la chini na la mkononi pamoja, tena begi laini lisilo na fremu, na kila kitu kinawekwa kwenye mizani. Mara nyingine hata abiria mwenyewe anapimwa. Sijawahi kusikia mtu akigomba pale, kwa kuwa mtalii na mwenyeji wanapitishwa kwenye mizani ileile na waliambiwa siku ya kukata tiketi.

Sababu ya pili ni hofu. Mtu akiwahi kupokea begi lake likiwa na kufuli iliyokatwa, au akafika na begi likafika kesho yake, hatashawishika tena kwa tangazo la kumwomba "akabidhi mizigo mikubwa". Wafanyabiashara tunaotoka Dubai au Guangzhou na simu, vipuri au vipodozi tunapanda na vitu hivyo mkononi kwa sababu tunaamini, kwa haki au bila haki, kwamba kilicho chini hakina mwenyewe. Sheria ya kimataifa ingeweza kututuliza kama tungeelezwa. Kwa safari za nje zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika linawajibika kwa begi lililokabidhiwa ambalo limepotea au kuharibika likiwa mikononi mwake, ndani ya kikomo ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ilhali kwa begi la mkononi shirika linawajibika pale tu uharibifu unapotokana na kosa lake. Malalamiko ya uharibifu yanapaswa kuandikwa ndani ya siku 7 tangu kupokea begi, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21 tangu lilipofikishwa kwa mwenyewe. Ni abiria wangapi wanaopita kwenye kaunta zenu wanayajua hayo? Kibao kimoja cha Kiswahili chenye maneno ishirini, kikibandikwa mahali begi linapokabidhiwa, kingepunguza mabegi kwenye makabati kuliko ukali wote wa wahudumu.

Nije sasa kwenye mlango wa ndege, ambako ndiko mambo yanakoharibika. Katika safari moja ya kutoka Dar es Salaam kuja Mwanza, kwa shirika ambalo sitalitaja, mbele yangu alikuwa mama mtu mzima mwenye begi dogo la magurudumu ambalo tayari lilikuwa limepita kaunta, likapita ukaguzi wa usalama, likapita na lango la kuondokea. Kwenye ngazi kijana wa shirika akamzuia: "Mama, hili halipandi." Yule mama akauliza kwa upole, "Sasa mwanangu, kule ndani mbona mmenipitisha?" Hakupata jibu. Begi lilichukuliwa likawekwa kwenye mkokoteni, bila lebo, bila karatasi, na mama akapanda akiwa ameshika kadi yake ya kupandia peke yake, akigeuka nyuma kila hatua mbili. Nyuma yangu bwana mmoja mwenye suti alipita na mabegi mawili, moja likiwa kubwa kuliko lile lililozuiwa, na yule kijana alimsalimu kwa heshima zote. Sina ugomvi na kijana huyo. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuamua, papo kwa papo, ndege ikisubiriwa kuondoka, nani aonewe na nani aheshimiwe, na mtu yeyote akipewa kazi hiyo ataifanya vibaya.

Kukosekana kwa lebo si kasoro ya makaratasi tu. Mkataba niliotangulia kuutaja unalitaka shirika limpe abiria lebo ya utambulisho kwa kila begi lililokabidhiwa. Begi lililochukuliwa kwenye ngazi limekwisha kukabidhiwa, na bila lebo mwenyewe atadai kwa ushahidi gani? Lakini zaidi ya hapo kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote katika barua hii. Hakuna aliyemuuliza yule mama kama begi lina pawabenki.

Kanuni za kimataifa zinakataza betri za akiba za lithiamu, zikiwamo pawabenki, kuwekwa kwenye sehemu ya mizigo. Lazima zibaki na abiria, kwa sababu betri ikishika moto ndani ya chumba cha abiria mhudumu ataiona na kuishughulikia, ilhali kule chini hakuna wa kuifikia. Kwa hiyo kijana anaponyang'anya begi mlangoni bila kuuliza, anachukua kitu kilichokuwa mahali salama kiasi na kukipeleka mahali kilipokatazwa, huku akidhani analinda utaratibu. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado uwanjani Gimhae, Korea Kusini, kwa moto uliozuka kwenye kabati la juu, na pawabenki ikashukiwa kuwa chanzo. Watu wote 176 walitoka wakiwa hai. Korea ikakataza pawabenki kuwekwa makabatini, na tangu Oktoba 2025 Emirates, ambayo wengi wetu huitumia, imekataza kuzitumia ndani ya ndege na kuagiza zisiwekwe juu. Abiria anayetoka Dubai kuja Dar es Salaam huambiwa hayo, kisha anapounganisha ndege ya ndani haambiwi chochote, na begi lake linachukuliwa ngazini na pawabenki ikiwa ndani. Muulizeni abiria kabla hamjagusa begi lake: dawa, fedha, hati ya kusafiria, kompyuta mpakato na betri zimetoka? Ni swali la sekunde tano.

Upo pia upande wa dharura. Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines aina ya A350 iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani uwanjani Haneda, ikawaka moto, na watu wote 379 waliokuwamo wakatoka. Wahudumu walisisitiza mabegi yaachwe, na yakaachwa. Agosti 3, 2016 huko Dubai, ndege ya Boeing 777 ilianguka ikitua, na picha zilizopigwa ndani zilionyesha abiria wakifungua makabati na kuteremsha mabegi huku moshi ukiingia. Abiria na wahudumu wote 300 walinusurika, ila zimamoto mmoja alipoteza maisha. Kila aina ya ndege kubwa ya abiria hupewa kibali baada ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango, na kipimo hicho hakikumhesabu mtu anayevuta begi la kilo 15 lililokwama. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tangu ajali ya ndege ya Novemba 6, 2022 pale Bukoba, hatuhitaji kuhadithiwa thamani ya dakika chache mlangoni mwa ndege. Sileti ajali ile kama ushahidi kuhusu mizigo, naikumbusha tu kwa kuwa tunazungumzia njia ya kutokea. Mfanyabiashara aliyeweka mtaji wake wote kwenye begi la juu hataliacha kirahisi. Kadiri mnavyotufanya tuogope kukabidhi mali chini, ndivyo mnavyojaza juu vitu ambavyo watu watarudi kuvifuata.

Kwa upande wa viwanja, naomba TAA iangalie namna tunavyopandishwa. Mashirika yanaita abiria kwa makundi, wa nyuma kwanza, jambo ambalo ni jema. Kisha makundi yote yanaingizwa kwenye basi moja, na wa mwisho kuingia basini, aliye karibu na mlango, ndiye wa kwanza kushuka na wa kwanza kufikia makabati. Mpangilio wote unakuwa umefutwa ndani ya mita mia tatu. Ama basi lipakie kundi moja kwa safari moja, ama ngazi ziwekwe milango ya mbele na ya nyuma pale ndege inaporuhusu, na abiria waelekezwe kwa namba za viti tangu chini. Mikoani, ambako tunatembea kwa miguu hadi kwenye ndege, kamba mbili na mtu mmoja wa kuelekeza vinatosha.

TCAA ndiyo yenye sauti ya kuyaunganisha haya. Siombi mwekee mashirika yote ya dunia kipimo kimoja, kwani hata mwaka 2015 shirikisho la mashirika ya ndege, IATA, lilipopendekeza begi la sentimita 55 kwa 35 kwa 20 lilipingwa vikali Amerika Kaskazini na likasitisha mpango wake ndani ya mwezi huohuo. KLM huruhusu kilo 12 kwa jumla, Turkish 8, Emirates 7, na wote wanatua Dar es Salaam. Kinachowezekana ni kuyataka mashirika ya ndani yakubaliane kuhusu kipimo kimoja kwa pangaboi na kimoja kwa ndege za jeti, kichapishwe kwenye tiketi kwa Kiswahili, na abiria anayeunganisha kutoka nje akiwa na begi halali la kilo 12 apewe nafasi ya kulikabidhi bila malipo kwa kipande cha mwisho cha safari. Mizani ya kaunta na ya lango ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na stika yake ionekane, kama tunavyodai buchani na kwenye vituo vya mafuta. Nimekwisha kuona begi lilelile likisoma kilo 8 upande mmoja wa ukumbi na 10 upande wa pili. Likipita, lifungwe lebo ya rangi, na begi lenye lebo hiyo lisizuiwe tena na mtu yeyote, awe nani. Kwa pangaboi, mabegi yasiyoenea yachukuliwe kaunta au langoni kwa lebo yenye namba, yapakiwe mwisho, na yarudishwe mkononi mwa mwenyewe pembeni mwa ndege mara tu anaposhuka, kama yanavyofanya mashirika mengi ya nje yenye ndege ndogo. Lebo hiyo ifuate begi na si cheo cha mwenye begi. Ningependa hili la mwisho liandikwe waziwazi kwenye mwongozo, kwa sababu bila kuandikwa halitatekelezwa.

Tahadhari moja kwa menejimenti za mashirika: isije barua hii ikageuzwa sababu ya kubuni tozo mpya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba mzigo wa mkononi wenye uzito na vipimo vya kiasi ni sehemu ya lazima ya safari na usitozwe nyongeza. Na mwezi Novemba 2024 Hispania iliyatoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa masuala yakiwamo ya kutoza mabegi ya mkononi. Anayezidisha kilo alipie kilo zilizozidi, kwa bei ileile ya kaunta, si kwa bei ya kushtukizwa langoni.

Ninaomba jibu la TCAA litolewe hadharani kabla ya msimu wa sikukuu za Desemba, wakati ndege za kuja Mwanza, Bukoba na Kilimanjaro zinapojaa pomoni, likieleza ni lini mizani za viwanja vikuu zitahakikiwa na ni shirika lipi litaanza kutoa lebo kwa mabegi yanayochukuliwa kwenye ngazi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Abiria na mfanyabiashara, Mwanza

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, Wakala wa Vipimo